Tuambieni waliomaliza wako wapi

Ndugu Mhariri,

Jumanne iliyopita aliingia kijana dukani kwangu na ukurasa wa gazeti lenu ameukunja mara nne, ameuweka kwenye bahasha ya kaki pamoja na cheti chake cha kuzaliwa. Akaukunjua mezani, akaweka kidole kwenye ile orodha yenu ya kozi kumi zinazolipa, akasema, "Dada, mimi niwekee hii ya tatu." Nikamuuliza, anayesoma kozi hiyo anakwenda kufanya kazi gani? Akanyamaza. Kisha akajibu, "Kazi yenyewe siijui dada, lakini si wamesema inalipa?"

Nina steshenari hapa Magomeni, Mtwara mjini. Kompyuta mbili, mashine moja ya fotokopi, na benchi la watu watano barazani. Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, benchi hilo halitoshi. Vijana wanateremka na magari ya asubuhi kutoka Tandahimba, Newala, Nanyamba na Masasi, wengine na mama zao, wengi na wajomba zao, maana huku kwetu mjomba ndiye anayesimamia mtoto. Wanakuja kujaza maombi ya chuo na ya mkopo. Kwa miaka minane nimekaa nyuma ya kompyuta hiyo nikibonyeza vitufe ambavyo vinaamua mtu atakuwa nani, na nawaambia ukweli, wengi wanaamua ndani ya dakika kumi, huku mwenzao nyuma anauliza kama zamu yake imefika.

Sisemi kwamba orodha yenu ni ya uongo. Wapo wahandisi, wahasibu, wafamasia na watu wa kompyuta wanaolipwa vizuri. Wala simlaumu mzazi anayetaka mwanawe apate mshahara mnono. Nimewasikia watu wakiwaambia watoto wafuate wanachokipenda, pesa zitakuja zenyewe. Mtoto aliyesomeshwa kwa korosho zilizouzwa zikiwa bado mtini hawezi kuyapokea maneno hayo. Nyumbani wanamsubiri. Ana wadogo zake wanne, na yule aliyelipa ada anataka kuona bati limebadilishwa. Kwa hiyo kuuliza kozi ipi inalipa ni swali halali kabisa. Kinachoniuma ni kwamba tunawajibu nusu. Tunawaambia ngapi, hatuwaambii lini, wala hatuwaambii wangapi.

Niruhusuni nieleze ya nyumbani kwetu.

Mwaka 2013 mdogo wangu wa kiume alikuwa kidato cha tano, anasoma PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati. Watu wa Mtwara wanaukumbuka mwaka huo. Januari watu waliandamana kwa ajili ya gesi, Mei mambo yakachafuka tena, tukafungiwa ndani. Lakini kabla na baada ya vurugu, mji ulikuwa umechangamka. Nyumba za Shangani zilipandishwa kodi, hoteli zilijaa wageni waliovaa kofia ngumu, na kila mwenye kiwanja alikuwa anaulizwa bei. Shuleni walimu walikuwa wanasema mafuta na gesi, mafuta na gesi. Mdogo wangu akaamua atasoma jiolojia ya petroli. Sisi wote tulifurahi. Mimi mwenyewe nilimwambia safari hii mali imekuja hadi mlangoni kwetu, shika.

Baba ana mikorosho Mahuta. Mwaka 2014, mwezi wa tisa, korosho zikiwa bado maua mitini, alichukua pesa za kangomba. Kwa wasiojua huku Kusini: kangomba ni kuuza korosho ambazo hujaziokota, kwa mtu anayekupa pesa kidogo leo, na msimu ukifika anabeba gunia zima kwa bei ile ile ya njaa. Pesa hizo zilinunua godoro, begi, nauli ya basi, na sehemu ya ada ambayo mkopo haukuifikia. Msimu ulipofunguliwa, gari la kangomba lilikuja kubeba magunia yake, na baba alikaa kwenye kiti chake cha miguu mitatu akiyahesabu yanavyopakiwa. Hakusema neno.

Katikati ya mwaka ule, pipa la mafuta lilikuwa linauzwa zaidi ya dola 100 kwenye soko la dunia. Januari 2016, mdogo wangu akiwa mwaka wa pili, lilikuwa limeshuka chini ya dola 30. Kampuni za utafutaji duniani kote zikakata bajeti, na meli za kuchoronga baharini zikaondoka huku kwetu. Bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam lilikamilika 2015 na mtambo wa Madimba ukaanza kazi, lakini mtambo wa namna hiyo unataka maelfu wakati wa kuujenga na wachache sana wakati wa kuuendesha. Ule mradi mkubwa wa kugeuza gesi kuwa kimiminika kule Likong'o, Lindi, ambao darasani walikuwa wanautaja kama mwajiri wao, alipomaliza chuo 2018 ulikuwa bado kwenye mazungumzo.

Baadaye nilijifunza jambo moja ambalo natamani mtu angetuambia mapema. Gesi ya Songo Songo, hapo Kilwa, iligunduliwa 1974. Ilianza kufika Dar es Salaam 2004. Miaka 30. Ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, nayo ilikaa zaidi ya miaka 20 kabla ya kuwasha taa hapa mjini. Gesi ndivyo ilivyo: kuigundua ni habari ya siku moja, kuitumia ni habari ya kizazi. Mtu yeyote anayeijua kazi hiyo angeweza kumwambia mtoto wa kidato cha tano kwamba shahada yake itakamilika kabla ya mradi. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu sisi tulikuwa tunauliza mshahara tu.

Alirudi nyumbani. Miaka mitatu alisota. Nataka nieleze hapa kitu kidogo ambacho nadhani wasomaji wengi hawakijui, maana na mimi nilikijua kwa kumwangalia yeye. Matangazo ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira yanataja fani kwa jina. Yanasema mwombaji awe na shahada katika fani hii, au hii, au hii. Kama jina lililoandikwa kwenye cheti chako halimo, unabaki na yale maneno "au sifa inayolingana na hizo", na hapo ni bahati yako. Zikatoka nafasi za maji. Zikatoka za madini. Elimu ya miamba alikuwa nayo, miaka miwili ya kwanza alisoma yale yale wanayosoma wanajiolojia wengine. Lakini cheti kilikuwa na neno petroli. Mwajiri mmoja, sitamtaja, alimjibu kwamba shahada yake hailingani na nafasi. Mdogo wangu aliniletea ule ujumbe kwenye simu niuprinti, sijui alitaka kuufanyia nini. Niliuprinti. Aliukunja akauweka mfukoni akaenda.

Ndiyo maana mtu akija kwangu na kozi yenye jina refu la kupendeza, la maneno sita au saba, huwa namwomba kwanza asome matangazo. Ninalo faili. Nimeprinti matangazo ya ajira ya miaka hii, nimeyatoboa na kuyafunga kwa uzi, yananing'inia kwenye msumari pembeni ya mashine ya fotokopi. Namwambia kijana kaa kwenye benchi, tafuta jina la hiyo kozi yako humo ndani. Wengine wanalipata mara nyingi, uhasibu, uuguzi, ununuzi na ugavi, uhandisi ujenzi. Wengine wanafunua hadi mwisho, wananirudishia faili kimya kimya, wanaomba tuangalie kozi nyingine. Halinilipi chochote faili hilo, na linachelewesha foleni. Lakini kazi yangu nyingine yoyote hainipi amani ya moyo kama hiyo.

Na mimi yalinikuta. Nilisoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, nikachukua shahada ya ualimu kwa sababu mwaka 2012 kila mtu alikuwa anasema ualimu ajira nje nje. Na ilikuwa kweli kwa waliotutangulia: walimaliza, mkeka, yaani orodha ya majina ya walioajiriwa, ukatoka, wakaenda vituoni. Sisi tulimaliza 2015. Mwaka 2016 ajira zikasimama kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na zilipofunguliwa mwaka uliofuata walitakiwa kwanza walimu wa sayansi na hisabati. Mimi nina Kiswahili na Historia. Siku hizi hata hao wa sayansi wanaitwa kwenye usaili, siyo mkeka tena. Sikosei nikisema kwamba sifa ya kozi inayosambaa mtaani ni sifa ya miaka mitano iliyopita. Yule aliyekusifia alipanda basi ambalo limeshaondoka.

Halafu kuna suala la mshahara wenyewe. Vijana wakisikia laki saba wanaona laki saba. Kwa hiyo huwa nachukua karatasi iliyoharibika kwenye mashine, naigeuza nyuma, tunapiga hesabu pamoja. Mshahara wa 700,000 serikalini, kwa aliyesoma kwa mkopo. Mfuko wa hifadhi ya jamii asilimia 5, ni 35,000. Kodi ya mapato, kwa viwango vya sasa, baada ya kutoa hiyo ya mfuko, ni 49,000. Bima ya afya asilimia 3, 21,000. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, 14,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15, na hapo ndipo macho yanapotoka, 105,000. Zinabaki 476,000. Kodi ya chumba haijatoka, na mama hajatumiwa. Nikifika hapo wengine huuliza kama mkopo una lazima. Nawaambia kopa, bila mkopo wengi wetu tusingevuka daraja la Mkapa, lakini kopa huku ukijua. Mkopo unakudai hata kama kazi hujapata. Mimi nisiye na mwajiri naulipa mwenyewe, kwa kumbukumbu namba, mwezi hadi mwezi, na nilishukuru sana mwaka 2021 zilipofutwa zile tozo za asilimia 6 na adhabu ya asilimia 10, maana deni lilikuwa linanenepa badala ya kukonda.

Kingine ambacho orodha hazisemi ni safari inayoanza siku ya mahafali. Shahada ya sheria haikufanyi wakili. Bado kuna Shule ya Sheria, Dar es Salaam, na ada yake, na mitihani yake ambayo watu wanairudia. Shahada ya uhasibu ni nzuri, lakini nafasi zenye pesa zinataka CPA, cheti cha bodi ya wahasibu, na mitihani yake unalipia mwenyewe kila kikao. Mhandisi aliyemaliza leo anahesabiwa mhandisi mhitimu tu mpaka afanye kazi chini ya uangalizi kwa miaka kadhaa ndipo bodi imsajili kuwa mtaalamu kamili. Daktari na mfamasia wana mwaka wa utarajali na leseni. Haya yote ni mambo mema, yanatulinda sisi wananchi. Lakini mzazi aliyehesabu miaka minne na kuuza kila kitu akitarajia mwaka wa tano apumzike, hana akiba ya mwaka wa tano na wa sita. Nimeona mama mmoja wa Nanyamba akiambiwa habari hiyo na mwanawe pale pale barazani kwangu, kijana ameshamaliza sheria. Mama alidhani mtoto anamdanganya. Alinigeukia mimi niseme.

Nije kwenye korosho, maana sitaki mtu adhani nawakatisha tamaa watoto wa Kusini.

Kila msimu mji huu unakula korosho. Kuanzia Oktoba minada inafunguliwa, pesa zinaingia kwenye akaunti za wakulima, maduka ya simu na pikipiki yanajaa. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000, na sehemu kubwa ilitoka Mtwara na Lindi. Mwaka uliofuata bei ikaleta mgogoro hadi jeshi likaja kubeba korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianzia huku, 2007. Taasisi ya utafiti wa korosho iko Naliendele, kilomita chache kutoka hapa nilipokaa. Nasema haya kwa sababu katika miaka minane ya kujaza maombi, vijana walioniambia wanataka kozi inayohusu korosho nawahesabu kwa vidole. Kwao korosho ni jembe la baba na salfa, dawa ya mikorosho, inayowasha macho. Kazi iko kijijini, na wao wanasoma ili waondoke kijijini.

Lakini hebu angalieni kazi zilizomo. Kila AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, inahitaji mtu anayejua vitabu vya hesabu, na kila mkulima huku amewahi kulalamikia makato asiyoyaelewa kwenye malipo yake. Maghala yanataka watu wanaojua ubora, unyevu, na upangaji wa madaraja. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 vingi viligeuka maghala, na hadi leo korosho yetu nyingi inapakiwa ghafi kwenda India na Vietnam, wenzetu wanaibangua kule. Sasa kuna eneo la viwanda vya korosho linaloandaliwa Maranje. Mashine hizo zitahitaji fundi, na fundi huyo anaweza kutoka VETA hapa hapa Mtwara au kuwa mhandisi wa usindikaji wa mazao kutoka Sokoine, Morogoro. Ushirika una chuo kikuu chake Moshi. Nina mteja, binti wa Kitangari, alisoma uhasibu wa ushirika huko. Aliporudi watu walimsikitikia, walisema kasoma karani. Leo anafanya kazi kwenye chama kikuu cha ushirika, na msimu ukifika analala saa tano usiku akilinganisha stakabadhi na malipo, na mjomba wake ndiye aliyebadilishiwa bati.

Sitaki kusema wote wakasome korosho. Wakienda wote, na yenyewe itajaa. Hapo ndipo ilipo hoja yangu: kozi yoyote, hata iwe nzuri namna gani, inabadilika kulingana na wangapi wameingia na kazi ngapi zimefunguliwa, na mtoto wa kidato cha sita hawezi kuyajua hayo peke yake kwa kuangalia jina.

Mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ninao kwenye kompyuta, naufungua mara thelathini kwa siku. Ni kazi nzuri. Unaeleza kila kozi inataka masomo gani, alama ngapi, inachukua wanafunzi wangapi, inakwenda miaka mingapi. Yote hayo ni mambo ya kuingilia. Ya kutokea hayamo. Hakuna safu inayosema: waliomaliza kozi hii miaka mitatu iliyopita walikuwa kadhaa, waliopata kazi ya fani yao ni kadhaa, waliojiajiri kadhaa, ambao bado wako mtaani kadhaa. Vyuo vinawafuatilia wahitimu wao, wenyewe wanaita tafiti za ufuatiliaji. Mdogo wangu alishatumiwa fomu hiyo kwenye barua pepe, akaijaza kwa makini, ukurasa kwa ukurasa, akaandika hana kazi. Majibu yake yako mahali fulani kwenye kabati. Yangewekwa mbele ya mtoto wa Masasi anayechagua leo, yangekuwa na thamani kuliko semina tano.

Ombi langu kwa tume na kwa vyuo ni safu hiyo moja. Wekeni hata kama namba ni mbaya. Sisi wazazi na walezi tunaweza kuvumilia namba mbaya, hatuwezi kuvumilia kuigundua baada ya miaka minne.

Na kwenu Mhariri, nawaomba mkitoa tena orodha ya namna ile, nendeni mkamtafute mtu mmoja kwa kila kozi, aliyemaliza siyo zamani sana, mwandike alikaa nyumbani muda gani kabla ya kupata kazi, alianza na shilingi ngapi mkononi, na siku yake ya kazi inafananaje. Mtoto akijua kwamba mtaalamu wa maabara anashinda siku nzima amesimama na sampuli za watu, atajua kama anaweza. Ukurasa huo mimi nitautoa kopi bure, nitaubandika barazani.

Wakuu wa shule nao wasingoje kidato cha sita. Mlango unafungwa kidato cha nne, mtoto anapochagua kombi. Aliyekwenda HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, hawezi kurudi kuomba uhandisi hata akililia. Siku moja tu kabla ya fomu za machaguo, waalikeni vijana wa kijiji hicho hicho waliosoma, waliopata na waliokosa, waongee na wadogo zao bila kuficha. Waliokosa hawaalikwi popote, na wao ndio wenye mengi ya kusema.

Mdogo wangu yupo, asiwasikitishe. Mwaka 2021 alimfuata mzee mmoja wa Masasi anayepima maji kwa ajili ya visima, akambebea vyombo miezi mitano bila malipo, akajifunza. Nilikwenda kumwona akifanya kazi karibu na Newala, kule juu ambako maji yako mbali sana chini na watu wanayanunua kwa ndoo. Alipigilia misumari minne ya chuma ardhini kwa mstari, akaunganisha nyaya kwenye kisanduku, akaruhusu umeme upite. Kisha akasogeza misumari, akapima tena, akasogeza tena, mpaka jua likawa kali. Aliniambia umeme unapita kwa urahisi kwenye mchanga wenye maji kuliko kwenye mwamba mkavu, na ukipanua misumari unaona chini zaidi. Namba zote aliziandika kwenye daftari la mistari. Watu wa kijiji walisimama kando wamenyamaza kama wako msibani. Ile elimu ya miamba ambayo tuliilipia kwa korosho za baba ilikuwa inafanya kazi mbele ya macho yangu, ila ilichukua miaka mitatu na unyenyekevu mwingi kuifikisha pale, na neno petroli halikumsaidia hata hatua moja.

Jana jioni, nikiwa nakaribia kufunga, alikuja binti wa Newala na mjomba wake. Matokeo yake ni mazuri: Baiolojia C, Kemia C, Fizikia E. Mjomba alikuwa ameshawaambia watu kwamba mtoto anakwenda kuwa daktari. Nikawaeleza kwamba udaktari wa binadamu unataka walau D ya Fizikia. Mjomba akakaa kwenye benchi, akavua kofia. Nikawaonyesha uuguzi wa shahada, kwamba alama zinaruhusu. Mjomba akauliza, kama wote wanavyouliza, "Unalipa ngapi?" Binti akamtangulia, kwa sauti ya chini, "Shikamoo dada, samahani, mimi nauliza, nikimaliza naanza kulipwa lini?"

Katika miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Sikuwa na jibu la uhakika, na sikutaka kumpa la kubuni. Nikapiga simu kwa muuguzi mmoja, mteja wangu wa zamani, aliyemaliza miaka minne iliyopita. Alikuwa zamu ya usiku. Amesema wamfuate Jumatatu mchana akishaamka, na atawaeleza yote, utarajali, leseni, miezi aliyokaa nyumbani, na zamu za usiku anavyozimudu. Fomu ya binti sijaituma. Dirisha la maombi bado liko wazi, nimemwandikia namba ya muuguzi nyuma ya risiti, na mjomba ameikunja akaitia ndani ya kofia yake.

Wenu,
Mwenye steshenari,
Magomeni, Mtwara